Nyumba ya Samaki ya Cape Town

1. Maji ya Kongo yaenda wapi?

Mto Lukuga watoka katika ziwa Tanganika, karibu na mji wa Kalemie. Washuka mpaka Lualaba. Lualaba wapita Kindu na kufika Kisangani, na toka huko watu wauita mto Kongo. Mto Kongo wazunguka katika msitu mkubwa, wapita Mbandaka na Kinshasa, na mwisho waingia katika bahari ya Atlantiki karibu na Banana. Basi, tone la maji lililokuwa mbele ya Kalemie laweza kufika baharini baada ya safari ndefu sana.

Watoto wengi wa Kongo wajua mto na ziwa. Wajua nyavu, mitumbwi, ndagala, na taa za wavuvi wa usiku. Lakini bahari hawajaiona, kwani pwani ya Kongo ni fupi, haifiki kilometri 50, na iko mbali. Bahari ni maji ya chumvi yasiyonyweka. Ni pana hata mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo. Na viumbe vyake ni vingi kuliko vile vya mito na maziwa yote.

Namna gani mtu atawaona viumbe hao, nao wanakaa chini ya maji? Mvuvi huwaona walipokwisha kufa. Ndiyo maana, katika miji mingine iliyo kando ya bahari, watu wamejenga nyumba kubwa za samaki walio hai. Nyumba ya namna hiyo huitwa akwariamu. Iko moja yenye sifa katika Afrika yenyewe, katika mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini. Ilifunguliwa mwaka 1995, kando ya bandari. Jina lake ni Two Oceans Aquarium, maana yake Akwariamu ya Bahari Mbili.

2. Bahari mbili

Kwa nini wasema bahari mbili? Upande wa magharibi wa Afrika ya Kusini ni bahari ya Atlantiki. Upande wa mashariki ni bahari ya Hindi. Watu wengi hudhani kwamba zakutana mbele ya Cape Town. Sivyo. Mpaka wao umewekwa penye rasi ya Agulhas, ncha ya mwisho ya kusini ya Afrika. Mji wa Cape Town uko upande wa Atlantiki.

Ndani ya bahari maji hayatulii. Yatembea kama mito mikubwa isiyo na kingo, nayo huitwa mikondo. Mkondo wa Agulhas washuka toka kaskazini upande wa mashariki, na maji yake ni ya joto. Mkondo wa Benguela wapanda upande wa magharibi, kuelekea Namibia na Angola, na maji yake ni ya baridi. Mtu akiingia humo kuoga, mara atetemeka.

Lakini maji hayo ya baridi yana utajiri. Upepo wa kusini-mashariki wayasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya chini yapanda kushika nafasi yao. Maji ya chini yana mbolea nyingi. Kama vile shamba lenye mbolea lavyozaa sana, ndivyo na bahari ile. Kwanza huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea huliwa na wadudu wadogo wa maji, wadudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na samaki wakubwa, na ndege, na watu. Ziwa Tanganika pia lina jambo la kufanana na hilo: wakati wa kiangazi upepo wa kusini huchanganya maji, na mbolea ya chini hupanda juu.

3. Kuta za vioo

Mgeni akiingia katika nyumba ile, aona giza kidogo. Mara aona madirisha makubwa yenye mwanga wa buluu, na nyuma ya madirisha samaki wanaogelea. Matangi mengine ni madogo kama sanduku. Lakini moja, lililofunguliwa mwaka 2016, lina litri 1,600,000 za maji ya bahari. Chini yake wamejenga njia ya kioo, urefu wake metri 10. Mgeni apita humo, na samaki wapita juu ya kichwa chake kama ndege angani.

Litri moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na maji ya chumvi huzidi kidogo. Basi, tangi lile lina maji ya uzito unaopita tani 1,600. Na kadiri mtu ashukavyo chini, maji hukandamiza zaidi. Mtoto anayepiga mbizi ziwani ajua jambo hilo kwa masikio yake: akishuka, masikio yanauma. Ndiyo maana kuta za tangi si za kioo cha dirisha. Ni za plastiki ngumu na nene, inayoonyesha kama kioo.

Samaki wapata taabu gani katika tangi? Wanavuta hewa iliyomo majini, na wanachafua maji kwa mavi yao. Kama maji yakisimama, wote watakufa. Kwa hiyo pompa zafanya kazi usiku na mchana. Maji yachujwa, yatiwa hewa, yapimwa joto lake na chumvi yake. Walinzi wavaa nguo za mpira na kuingia majini kusafisha vioo na kulisha samaki. Kuonyesha samaki mmoja aliye hai ni kazi ya watu wengi.

4. Msitu chini ya maji

Kuna tangi moja ambalo juu halina dari, jua laingia humo. Ndani yake mna msitu. Si msitu wa miti, bali wa mwani mkubwa wa maji baridi. Pwani ya Cape Town mwani huo huota juu ya miamba, na urefu wake waweza kupita metri 10. Hauna mizizi ya kunyonya chakula. Una kitu kama vidole vinavyoshika jiwe, basi. Chakula chake wakichukua kwa majani, katika maji yanayopita. Kwa hiyo katika tangi lile mashine hufanya mawimbi. Mawimbi yakikoma, mwani hauishi.

Katika msitu huo wakaa samaki wengi, kama vile wanyama wakaavyo katika msitu wa Kongo. Kuna papa wadogo wenye milia, ambao hulala mchana na kuwinda usiku. Mayai yao yamo katika mfuko mgumu kama ngozi, wenye nyuzi za kujifunga katika mwani ili mawimbi yasiuchukue. Katika bahari ile yumo pia papa mdogo mwenye haya. Akiogopa, hajui kupigana: hujikunja kama pete na kujifunika macho kwa mkia. Wengi wakisikia jina la papa hufikiri meno tu. Papa huyu huwafundisha kwamba jina la jamaa si tabia ya kila mmoja.

Katika tangi lingine yuko samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi. Husimama wima majini na kushika jani kwa mkia wake. Kwa samaki farasi, mama huyatia mayai katika mfuko ulio tumboni mwa baba, na baba ndiye ayachukuaye mpaka watoto watoke. Namna moja ya samaki hao haipatikani popote duniani ila katika midomo michache ya mito, karibu na mji wa Knysna, Afrika ya Kusini. Maji yale yakiharibika, hawana pengine pa kukimbilia.

5. Ndege asiyeruka

Pengwini ni ndege, lakini haruki. Mabawa yake ni mafupi na magumu kama makasia. Mgongo ni mweusi na tumbo jeupe. Nchi kavu hutembea akiyumba kama mlevi, lakini majini ni mwepesi kama mshale. Watu wengi wadhani pengwini wote wakaa katika barafu. Sivyo. Pengwini wa Afrika hutaga mayai katika visiwa na pwani za Namibia na Afrika ya Kusini. Mara nyingi mayai ni mawili, na baba na mama hupokezana kuyalalia.

Zamani watu waliyakusanya mayai yao kwa kula na kuuza. Tena walichimba mavi ya ndege, yaliyojikusanya miaka mingi juu ya visiwa, wayauze kuwa mbolea. Pengwini walikuwa wakichimba viota ndani yake. Walipokosa mavi hayo, vifaranga vilibaki juani. Sasa taabu kubwa ni njaa. Pengwini hula dagaa, na dagaa wamepunguka karibu na visiwa vyao, kwani bahari imegeuka na meli kubwa za uvuvi huvua papo hapo. Mwaka 2024 wenye kuhesabu wanyama wa dunia walimweka pengwini wa Afrika katika daraja la wale walio karibu kabisa na kwisha. Jozi za wenye kutaga zilikuwa zimebaki chini ya 10,000.

Je, wavuvi waache kuvua? Wavuvi nao wana watoto wa kulisha. Ugomvi huo ulifika mahakamani. Mwezi wa Machi 2025, mahakama ya Pretoria ilithibitisha mapatano: sehemu za bahari zilizo karibu na makao sita ya pengwini zifungwe kwa uvuvi wa dagaa wa meli kubwa, na mahali pengine wavuvi waendelee na kazi yao.

Neno hilo halikosi maana kwa watu wa ziwa Tanganika. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zimepatana kulipumzisha ziwa kila mwaka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi miezi mitatu, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili ndagala na mikeke wazae na kukua. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba ya mvuvi. Lakini mwenye kula mbegu zote, msimu ujao atapanda nini?

6. Safari ya Yoshi

Kasa ni kobe wa baharini. Miguu yake ni mipana kama makasia. Huvuta hewa kama mtu, kwa hiyo hupanda juu ya maji mara kwa mara.

Mwaka 1997 meli ya wavuvi wa Japani ilileta kasa mdogo Cape Town. Alikuwa na uzito wa kilo 2 tu, na alikuwa mgonjwa. Jina lake Yoshi. Walezi wa akwariamu walimtibu na kumlisha. Alipona, akakaa nao miaka 20. Maelfu ya watoto wa shule walimwona kwa macho yao akipita nyuma ya kioo. Mwisho alifikia kilo 183, uzito wa watu wazima wawili na kupita.

Walezi wake walimpenda. Walakini waliona kwamba sasa ni mkubwa mwenye nguvu, na kasa hakuumbwa akae katika tangi siku zote. Basi wakamzoeza kuogelea sana, apate nguvu ya safari. Wakampiga gundi juu ya gamba na kumbandika chombo kidogo. Kila alipopanda kuvuta hewa, chombo kilipeleka alama angani, na watu wakajua yuko wapi. Mwezi wa Desemba 2017 walimchukua kwa meli mpaka baharini, wakamwachilia.

Kwanza Yoshi alifuata pwani ya magharibi kwenda kaskazini, akapita Namibia mpaka upande wa Angola, nchi jirani ya Kongo. Halafu akageuka. Akarudi kusini, akapita tena Cape Town, akaingia bahari ya Hindi na kuivuka yote. Mwezi wa Februari 2020 alifika pwani ya magharibi ya Australia, mahali ambapo kasa wa namna yake hutaga mayai. Alikuwa ameogelea miezi 26, kilometri 37,000 hivi. Kuizunguka dunia yote ni kilometri 40,000. Hakuwa na ramani, wala hakuwa na mwenzi wa kumwonyesha njia. Aliyemfungia nyumba miaka 20 hakuweza kumfutia njia ambayo Mungu aliiandika ndani yake.

7. Watoto wa kasa

Upande wa mashariki wa Afrika ya Kusini, katika mchanga wa pwani ya KwaZulu-Natal, kasa hutaga mayai kila mwaka. Toka mwaka 1963 walinzi huyalinda makao hayo. Kiota kimoja chaweza kuwa na mayai 100. Watoto wakitoka, hukimbilia baharini usiku. Ndege, kaa na samaki huwala wengi. Katika watoto 1,000, labda mmoja au wawili wataishi mpaka kuwa wakubwa.

Wengine huchukuliwa na mkondo wa Agulhas mpaka kusini. Huko dhoruba huwatupa katika maji ya baridi, nguvu zikawaisha, wakatupwa ufukoni. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya dhoruba kubwa, akwariamu ya Cape Town ilipokea watoto wa kasa zaidi ya 500 kwa muda mfupi. Waliokuwa wakiwaokota ni watu wa kawaida: wavuvi, wazee wanaotembea ufukoni, na watoto wa shule.

Mtu akimwokota mtoto wa kasa, moyo wamwambia amrudishe majini upesi. Huo ni upendo usio na akili. Maji ya baridi ndiyo yanayomwua. Walezi hufundisha hivi: umtie katika sanduku kavu lenye matundu ya hewa, usimtie maji, kisha uite watu wa akwariamu. Huko hupashwa joto polepole na kutibiwa. Baada ya miezi, akipona, hupelekwa penye maji ya joto na kuachiliwa. Mamia wamekwisha kurudi baharini kwa njia hiyo.

Lakini wengine hufa. Na walezi wakitazama tumboni mwao, au katika mavi ya wale wanaopona, huona nini? Vipande vya plastiki: mifuko iliyochanika, vifuniko vya chupa, nyuzi za nyavu. Kasa hula kiwavi cha bahari, kinachoangaza kama maji. Mfuko wa plastiki majini wafanana nacho. Kasa aula. Tumbo lajaa, na njaa haisikiki tena. Basi afa kwa kukosa chakula, naye ameshiba plastiki.

8. Fundisho

Mtoto wa Kalemie, au wa Kindu, au wa Kisangani aweza kusema: «Bahari iko mbali, mambo ya kasa yanihusu nini?» Lakini maji yanajua njia. Mfuko uliotupwa mferejini, mvua yaupeleka mtoni. Na mto hauna mahali pengine pa kwenda ila baharini. Kabla ya kufika huko wapita katika nyavu za wavuvi na mitungi ya akina mama. Nchi nyingine zimekwisha kukataza mifuko ya plastiki: Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Sheria ni nzuri, lakini mkono wa mtu hutupa au hautupi kabla askari hajafika.

Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mungu aliumba samaki na viumbe vyote vya maji, akaviona kuwa vyema, kisha akamkabidhi mtu. Mtu aliyekabidhiwa mali si mwenye mali. Siku moja ataulizwa hesabu. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wote barua juu ya neno hilo, akiita dunia nyumba ya wote. Wale walezi wa Cape Town walimtunza kasa miaka 20, kisha wakamfungulia mlango. Huko ndiko kutunza: kumtakia kiumbe kile ambacho Muumba alimtakia.

MANENO MAGUMU

akwariamu: nyumba ya kuonyesha samaki na viumbe vya maji walio hai.
dhoruba: upepo mkali pamoja na mvua au mawimbi makubwa.
gamba: nyumba ngumu iliyo mgongoni mwa kobe na kasa.
kasia: ubao wa kuendeshea mtumbwi.
kiwavi cha bahari: mnyama laini wa majini, asiye na mifupa, mwili wake waonyesha ndani.
mkondo: maji yanayotembea kwa nguvu ndani ya bahari au mto.
mwani: majani yanayoota ndani ya bahari.
rasi: nchi iliyoingia baharini kama pua.

MAULIZO

1. Maji ya ziwa Tanganika yafika baharini kwa njia ya mito gani?
2. Bahari mbili za Afrika ya Kusini ni zipi? Mpaka wao uko wapi?
3. Kwa nini bahari ya baridi ina dagaa wengi?
4. Kwa nini kuta za tangi ni nene?
5. Mwani hupata chakula chake namna gani?
6. Papa mwenye haya hufanya nini akiogopa?
7. Pengwini wa Afrika wapata taabu gani siku hizi?
8. Kwa nini ziwa Tanganika lafungwa kwa uvuvi miezi mitatu?
9. Mtu akimwokota mtoto wa kasa ufukoni, imempasa kufanya nini? Kwa nini asimrudishe majini?
10. Kasa aliyeshiba plastiki hufa kwa sababu gani?

HESABU

1. Mtungi mmoja una litri 20. Inapasa mitungi mingapi kujaza tangi la litri 1,600,000?
2. Yoshi alifika na kilo 2, akatoka na kilo 183. Aliongeza kilo ngapi?
3. Yoshi aliogelea kilometri 37,000 kwa siku 790 hivi. Kila siku aliogelea karibu kilometri ngapi?

KAZI YA MIKONO NA YA KUANDIKA

Chora njia ya maji toka Kalemie mpaka Banana, na kuandika majina ya miji. Halafu tembeeni pamoja na mwalimu kando ya mfereji au kijito kilicho karibu na shule. Okoteni plastiki na kuihesabu. Kila mmoja aandike mistari kumi: plastiki hizo zilitoka nyumba gani, na kama zisingeokotwa zingefika wapi.